Ulimi Uliofundishwa Kukataa

Meli ilikuwa imefunga kamba gatini tangu alfajiri, lakini bomba halikufunguliwa mpaka Stumai Shekiondo alipofika, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake na kubandika bamba la fedha chini ya taya.

"Tayari?" sauti ya fundi iliuliza kutoka chumba cha pampu.

"Tayari."

Tone la kwanza liliangukia kwenye Ulimi.

Ulikuwa umelala ndani ya sanduku la kioo mbele yake, mwekundu, mpana kama mswala wa mtoto, umelowa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Wageni waliotembelea bandari ya Tanga waliutupia jicho mara moja tu, kisha wakageuza uso. Stumai hakuwahi kuuogopa. Ulioteshwa kutokana na chembe ya nyama yake mwenyewe, iliyokatwa kwenye ncha ya ulimi wake mwaka ule Mkataba wa Milango ulipotiwa saini. Ulichokionja, naye alikionja. Tone lilipotandaa mle ndani, kinywa chake kilijaa utamu wa maziwa, mzito na safi.

Hakukuwa na ng'ombe aliyekamuliwa kwa ajili ya maziwa yale. Yaliumuliwa kwenye matangi makubwa ya Jumuiya ya Kaskazini, kwa hamira iliyobadilishwa ili itoe maziwa badala ya pombe. Stumai alitafuta kasoro kama alivyofanya kila mara. Hakukuwa na uchungu wala harufu ya chuma, na ule utelezi wa kitu kilichoanza kuharibika haukuwepo. Ulimi ulitulia, haukujikunja. Taa ya kijani iliwaka juu ya mlango, na maziwa ya tangi yakaanza kuteremka kuelekea mjini.

Kabla ya Ulimi palikuwa na vita vya vyeti vya usalama wa chakula. Kaskazini walirudisha samaki na kahawa ya Shirikisho, nchi ya kina Stumai, kwa kisingizio cha vyeti, na Shirikisho nalo likarudisha kuku wao kwa kisingizio kile kile, kila upande ukimwita mwenzake mwongo. Mwisho wakakubaliana kwamba kila bandari iwe na ulimi hai, uliotoka kwa mtu wa nchi inayopokea mzigo, na neno lake liwe la mwisho. Ulimi hauna mfuko wa kutiliwa rushwa. Ukikubali, mzigo unaingia bila ushuru. Ukikataa, mlango unafungwa, na chakula kilichokataliwa hakiuzwi tena popote ndani ya Mkataba, kiwe cha mgeni au cha mwenyeji. Jambo moja tu halikuandikwa, kwa sababu waliolijua walikuwa wachache: Ulimi husahau. Kila wiki ulihitaji kukaa na mlezi wake, bamba likiwa chini ya taya yake, ili ujikumbushe chakula ni kipi. Na alichokipenda mlezi, ndicho ulichojifunza kukipenda.

Stumai alipotoka nje alisikia kelele getini. Wafugaji walikuwa wameteremka kutoka milima ya Usambara na makopo yao, wakiyamwaga maziwa barabarani, yakitiririka meupe juu ya lami hadi mtaroni. Kati yao alikuwepo kaka yake, Mbwana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," aliitikia bila kumtazama. "Yameingia?"

"Yameingia."

"Ulimi wako umesemaje?"

"Ni maziwa mazima, kaka. Ulitaka nisemeje?"

Mbwana aliinamisha kopo lake, akasubiri mpaka likauke. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kuongea na ng'ombe zaidi ya watu, na upole huo ndio uliomtisha Stumai.

"Kituo cha kupoza maziwa pale Soni kinafungwa," alisema. "Gari la kuchukua maziwa haliji tena. Wiki hii nimemuuza Kibibi kwa mchinjaji. Kibibi, Stumai. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari alinigeukia, akadhani nakwenda naye." Alifunga kifuniko cha kopo. "Sisi tunashindana na kitu kisichokula majani, kisichougua, kisichozaa. Anayekifungulia mlango ni mdogo wangu mwenyewe."



*

Anselmi Rweyongeza, Mkurugenzi wa Masoko ya Nje, alisafiri kutoka makao makuu bila dereva wala msaidizi. Alimwita Stumai kwenye chumba cha juu cha ofisi ya bandari, akafunga dirisha, akamimina chai mwenyewe. Kisha akaweka chupa ndogo ya kahawia mezani.

"Hii si sumu," alisema. "Ni dawa ya kuchafua tumbo. Unakunywa glasi ya maziwa ya tangi, halafu matone machache ya hii. Utatapika. Kesho unarudia, na keshokutwa. Ukienda kukaa na Ulimi, mwili wako utakuwa umeshayachukia maziwa hayo, na Ulimi utajifunza kwako. Meli ijayo ikija, Ulimi utakataa."

Stumai aliitazama chupa. "Huo ni uongo, Mkurugenzi."

"Uongo ni wa maneno. Wewe hutasema neno. Utayachukia kwelikweli, na Ulimi utayachukia kwelikweli. Wakichunguza watakuta nyama yenye afya inayokataa maziwa. Nani ataushitaki mwili?"

"Nimekula kiapo."

"Na yule mlezi wa kwao? Ulimi wao ulikataa sangara wetu misimu miwili mfululizo. Nenda Mwanza ukaone, viwanda vya minofu wamehamia popo. Unadhani ziwa zima lilioza?"

"Kuna ushahidi kwamba waliufundisha?"

"Ungekuwepo ningekuja na ushahidi. Nimekuja na chupa." Alijipangusa uso kwa leso. Hakuwa na furaha, Stumai aliliona hilo. Alionekana mtu aliyechoka kushindwa kwenye meza ambazo wenzake walizichonga wenyewe. "Mama, mimi sikukuchagulia wafugaji wa milimani. Lakini wapo, na wewe ndiwe ulimi wao. Mlango ukifungwa, Kaskazini watalazimika kukaa tena na sisi, na safari hii tutaomba muda. Muda tu, watu wetu wajipange. Je, ni dhambi kuomba muda?"

Stumai alitaka kusema kwamba kuomba si sawa na kuiba. Lakini akilini alimwona Kibibi akigeuza shingo kwenye gari la mchinjaji. Akaichukua chupa.

*

Mara ya kwanza alidhani utumbo unamtoka. Aliinama kwenye karo la uani, akishika ukuta kwa mikono miwili, mpaka machozi na maziwa vikachanganyika. Kesho yake harufu peke yake ilimfanya aanze kutapika mara tu alipofungua pakiti. Alipokwenda kukaa na Ulimi na kubandika bamba, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Tone la majaribio lilipoangukia kati, Ulimi ulijikunja ukingoni, taratibu, kama jani linalokaribia moto. Stumai alishika mdomo. Ni yeye aliyekuwa akijiona mle ndani ya kioo.

Alirudi nyumbani. Mlangoni alimkuta jirani yake, Mwanahawa, aliyepanga vyumba vya upande wa pili wa ua. Huyu alijifungua mapacha kwa upasuaji, na maziwa yake hayakutoka. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa ya wenye uwezo tangu zamani, kwa hiyo wanawe walikuwa wakikua kwa maziwa ya tangi, na walikuwa wamenona mashavu. Sasa mmoja alilia begani kwake, mwingine alilia ndani.

"Dada Stumai, naomba unieleze ukweli," Mwanahawa alisema. "Nimekuona jana unatapika, na juzi. Nimeyaona maziwa kwenye karo."

"Tumbo tu, mdogo wangu."

"Usinifiche. Mtaa mzima unajua wewe ndiye unayeonja. Kama wewe unayatapika, mimi nitawapaje watoto?" Alimhamishia mtoto bega la pili. "Karibu yote niliyokuwa nayo nimemwaga. Tangu jana nawapa maji ya mchele. Hawalali."

Stumai alimtazama mtoto. Mdomo wake mdogo ulikuwa ukitafuta kitu kwenye shingo ya mama yake, ukikikosa, ukitafuta tena.

"Wape maziwa, Mwanahawa. Hayana neno."

"Basi kunywa mbele yangu."

Aliingia ndani, akatoka na pakiti ya mwisho aliyokuwa ameificha, akamimina kikombe, akamnyooshea. Stumai alikipokea. Alikifikisha kifuani tu, harufu ikampanda puani. Alikirudisha huku amegeuza uso, na Mwanahawa akakimwaga kikombe chote chini, pale pale.

Chumbani mwake Stumai aliwasikia mapacha kupitia ukutani. Alikumbuka chupa ya maziwa ya kwao Bumbuli ambayo Mbwana alimletea siku ya maandamano, hata kwa hasira zake, kwa sababu hakuzoea kuja mikono mitupu. Ilikuwa bado kwenye friji. Haya angalau hayana tatizo, aliwaza, nitampa Mwanahawa. Akafungua kifuniko ili ayanuse kama yamechacha.

Hayakuwa yamechacha. Yalikuwa maziwa ya nyumbani kwao, yenye harufu ya majani na moshi kidogo. Na alitapika hapo hapo, juu ya miguu yake.

Alikaa sakafuni muda mrefu. Mwili wake haukujifunza kuchukia maziwa ya tangi. Ulijifunza kuchukia maziwa.

Alimpelekea Mwanahawa ile chupa ya Bumbuli, ameishika mbali na pua, kisha akampigia simu Rweyongeza.

"Tusimamishe, Mkurugenzi. Sitofautishi. Maziwa ya milimani nayo nayatapika. Kama mimi sitofautishi, Ulimi nao hautofautishi."

"Nani ataweka maziwa ya Bumbuli kwenye Ulimi? Kazi yake ni kupima ya kwao."

"Na wakitaka?"

"Hawajawahi kutaka. Meli iko njiani, mama. Jikaze."

*

Meli ilipoingia, chumba cha Ulimi kilikuwa kimejaa. Rweyongeza alisimama karibu na mlango. Upande wa pili wa kioo alikaa Bi Hedda Varn, wakala wa Jumuiya ya Kaskazini, mwanamke mwenye mvi, aliyeishi Tanga miaka mingi na kuzungumza Kiswahili bila haraka. Kupitia dirishani waliwaona wafugaji wameshika nondo za geti, wakisubiri.

Tone lilianguka.

Ulimi ulijikunja. Haukusinyaa ukingoni tu safari hii. Wote uliinuka, ukajikunyata kwenye kona ya sanduku na kutoa ute wa kijivu, na Stumai kwenye kiti chake akainama mbele kana kwamba amepigwa ngumi ya tumbo. Taa nyekundu iliwaka. Bomba lilijifunga kwa kishindo kilichosikika hadi getini, na baada ya kufumba na kufumbua shangwe zilipanda huko nje. Watu walikumbatiana. Makopo yaligongwa kama ngoma.

Rweyongeza alivuta pumzi. "Neno la Ulimi ni la mwisho," alisema.

"Ni la mwisho," Bi Varn alikubali. Alikuwa bado anautazama Ulimi, wala hakuonekana kukasirika. "Ila Mkataba unaturuhusu kipimo cha ulinganisho. Hatujawahi kukiomba. Leo nakiomba. Tuuonjeshe maziwa ya hapa, yaliyokamuliwa leo. Ukiyakubali, nitasaini mwenyewe kwamba yetu yana kasoro na meli itageuza."

Rangi ilimtoka Rweyongeza. "Hakuna haja."

"Haja ipo. Na maziwa yapo, wamejaa nayo getini."

Mlinzi alitumwa. Stumai aliona kupitia dirishani jinsi watu walivyogombania heshima ile, kila mmoja akiinua kopo lake, na jinsi walivyompisha mtu mmoja kwa sababu alikuwa kaka wa mlezi. Mbwana aliingia akiwa amevaa koti lake la sherehe, kopo limefungwa kwa kitambaa safi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alimtazama dada yake usoni na kutabasamu.

"Nimekamua mwenyewe nikiwa njiani nakuja," alimwambia Bi Varn. "Ng'ombe nimemshusha kwenye gari, nikamkamua pembeni ya barabara. Haya ndiyo maziwa, mama. Mtayaona."

Akafungua kopo. Harufu ilimfikia Stumai, na ndani ya kioo Ulimi ukatetemeka kabla haujaguswa.

Fundi alichota, akasogeza bomba dogo juu ya sanduku. Stumai alijua kitakachofuata kama mtu anayekiona kikombe kikiteleza kutoka mezani. Taa nyekundu itawaka mara ya pili. Maziwa ya Mbwana hayatauzwa Tanga, Korogwe wala popote, na ya milima yote yatafuata, kwa neno la mwisho la ulimi wake yeye. Kama angekaa kimya, wafugaji wangeangamia kwa uongo wa upande wao wenyewe. Kama angesema, bomba lingefunguliwa, nao wangeangamia polepole kwa maziwa mazima ya Kaskazini. Upande upi ulikuwa na huruma? Aliutafuta na hakuuona. Aliyemjia akilini ni yule mtoto, mdomo wake ukitafuta shingoni.

Akalishika bamba chini ya taya na kulivuta. Lilitoka na ngozi kidogo.

"Acheni," alisema. "Msiumwagie."

Fundi alisita.

"Mama Shekiondo hajisikii vizuri," Rweyongeza alisema haraka. "Tuahirishe mpaka..."

"Ulimi haufai. Nimeuharibu mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba ilitosha. "Nilikunywa dawa ya kutapisha pamoja na maziwa yenu, Bi Varn, makusudi, mpaka mwili ukayakataa. Ulimi umejifunza kwangu. Maziwa yenu hayana kasoro. Ya kaka yangu pia hayana kasoro, na ungeyakataa vilevile."

Bi Varn aliondoa miwani. "Dawa ulipewa na nani?"

Stumai hakumtazama Rweyongeza. "Niliinywa mimi," alijibu.

Yule wakala aliwaangalia wote wawili kwa zamu. Alipoongea, aliongea kama mtu anayesoma jambo asilolipenda. Kipimo cha leo kimebatilika. Neno la mwisho lililo halali ni la meli iliyopita, na neno hilo lilikuwa kukubali. Ulimi utachomwa. Bandari ya Tanga itapokea mizigo ya maziwa bila kupimwa mpaka mlezi mwingine apatikane, na atachaguliwa na pande zote mbili.

"Na ulimi wenu?" Stumai aliuliza. "Ule uliokataa sangara. Nao utapimwa kwa ulinganisho?"

Bi Varn alivaa miwani yake. "Hilo," alisema polepole, "hakuna aliyewahi kuliomba." Akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake, kisha akamtazama Rweyongeza. "Kuanzia leo mnaweza kuliomba."

Rweyongeza alitoka nje akiwa ameshika simu, na haikujulikana kama anakimbia au anakwenda kuomba kipimo hicho.

Pampu ilianza kunguruma. Getini shangwe zilikatika kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma, habari zilivyokuwa zikipokezanwa.

Mbwana alikuwa amesimama pale pale, mfuniko wa kopo mkononi. Hakuyaelewa yote, lakini aliyoyaelewa yalitosha.

"Ulifanya hivyo kwa ajili yetu," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Halafu ukatengua."

"Ndiyo."

"Na haya ya kwangu ungeyakataa kweli?"

"Ningeyakataa."

Alitikisa kichwa. Alichukua kikombe cha fundi, akakijaza kutoka kwenye kopo, akamkabidhi dada yake. Haikuwa adhabu. Kilikuwa kitendo cha mtu asiyeweza kuamini jambo mpaka alione. "Hebu kunywa."

Askari wa bandari walikuwa wameshafika mlangoni. Stumai alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa. Alimeza funda la kwanza. Alimeza la pili, jasho likimtoka kwenye paji la uso, akijilazimisha kukumbuka zizi lao, asubuhi za baridi, povu la moto kwenye kibuyu. La tatu lilikataa. Aliinama, na maziwa yote yakarudi, yakamwagika juu ya viatu vya Mbwana na pindo la koti lake la sherehe.

Mbwana aliangalia viatu vyake. Kisha akaweka kopo chini, akapiga magoti, akachukua kile kitambaa safi alichofungia maziwa yake na kuanza kumfuta dada yake mdomo, taratibu, kwanza upande mmoja, kisha mwingine.

Askari mmoja alisogea, akamshika Stumai mkono. "Twende, mama."

"Subiri, afande," Mbwana alisema bila kuinua kichwa. "Bado hajamaliza."